Miaka Mitatu Nikiandika Maisha ya Thaddeus Stevens: Niliyoyakosea

Toleo la kwanza la kijitabu changu juu ya maisha ya Thaddeus Stevens, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 19 aliyepigania kufutwa kwa utumwa, lilikuwa na kurasa 44, lilinigharimu dola 780, na lilikaa mikononi mwa wasomaji kwa wiki 6 tu kabla sijaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba nikiomba nakala zirudishwe. Nilikuwa nimechapisha nakala 150. Zilizorudi ni 91, nazo bado zimo katika maboksi mawili chini ya kitanda chetu, ambako mke wangu huyagonga kwa ufagio kila Jumamosi na kuguna. Nimeona niandike yaliyonipata kwa sababu nawafahamu angalau watu watatu, mmoja Mombasa na wawili hapa Marekani, wanaojaribu kuandika kwa Kiswahili maisha ya wanasiasa wa kigeni wa zamani, na maswali wanayoniuliza ni yale yale ambayo mimi sikumwuliza mtu yeyote.

Nilizaliwa Uvira, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, na huko ndiko nilikofundisha historia kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa pamoja na familia yangu Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania. Mji huu si mkubwa, lakini umepokea wakimbizi wengi kwa miaka mingi, Wakongomani tukiwemo, kiasi kwamba katika kituo cha basi asubuhi mtu husikia Kiswahili na hageuzi shingo. Usiku nilikuwa nikifunga mizigo katika ghala, na Jumamosi nikiwafundisha wenzangu masomo ya kujiandaa na mtihani wa uraia. Siku moja mama mmoja kutoka Fizi, ambaye mwanawe alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi kinachoitwa kwa jina la Stevens, aliniuliza: "Mwalimu, huyu Stevens alikuwa nani hata jina lake likaandikwa kwenye chuo?" Nikamjibu kwamba Jumamosi ijayo nitamletea jibu. Jibu hilo lilichukua miaka mitatu.

Mwanzoni kila kitu kilionekana chepesi, kwa kuwa maisha ya Stevens yanavutia hata kabla mwandishi hajayagusa. Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, Vermont, akiwa na mguu uliopinda tangu tumboni. Baba yake aliitelekeza familia. Mama yake, Sarah, alihamia Peacham ili wanawe wapate shule, na mtoto huyu kilema akafika hadi chuo cha Dartmouth, akahitimu mwaka 1814. Mwaka uliofuata alikwenda York, Pennsylvania, kufundisha huku akisomea sheria kwa wakili mwenyeji, kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo, kisha akavuka mpaka wa jimbo hadi Bel Air, Maryland, akafanya mtihani wa uwakili huko mwaka 1816 na kurudi kufungua ofisi yake Gettysburg. Mwalimu mkimbizi akisoma habari kama hizo, hujiona mwenyewe. Nilijiona. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, ingawa wakati ule nililiita mapenzi.

Niliandika sura mbili za mwanzo kwa siku 9. Katika sura ya pili nilivuka kutoka mwaka 1816 hadi 1835, mwaka ambao Stevens, akiwa mjumbe wa bunge la jimbo, alisimama kutetea sheria ya shule za umma iliyopitishwa mwaka mmoja kabla. Baraza la juu lilikuwa limekwisha kupiga kura ya kuifuta, wapiga kura wake mwenyewe walikuwa wamechoka kulipa kodi kwa ajili ya watoto wa wengine, na hata hivyo hotuba yake ya mwezi wa Aprili iligeuza mkondo na sheria ikapona. Hadithi hiyo niliiandika kwa raha sana. Ila kati ya 1816 na 1835 kuna miaka 19, nami nilikuwa nimekwisha kusoma kilichotokea mwaka 1821.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Sikusahau, wala sikukosa habari. Nilikisoma kisa hicho katika aya moja ya kitabu cha maktaba, nikafunga kitabu, nikajiambia kwamba ni jambo dogo ambalo litawachanganya wasomaji wangu.

Jambo hilo dogo ni hili. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua, na miongoni mwa vifungu vyake, mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka jimbo jingine na kukaa humo zaidi ya miezi 6 alikuwa huru. Mwanamke aitwaye Charity Butler, aliyekuwa akishikiliwa utumwani Maryland, alikuwa amevushwa mpaka na kuletwa Pennsylvania mara kwa mara, na hoja ya upande wake ilikuwa kwamba siku hizo zote zikijumlishwa zinatosha. Mwenye kumdai alikodi wakili wa Gettysburg mwenye umri wa miaka 29, hodari, mwenye ulimi mkali, na wakili huyo akaishawishi mahakama kwamba miezi 6 inayotajwa na sheria ni miezi 6 mfululizo, si vipande vya siku vinavyookotwa na kuunganishwa. Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikubali. Charity Butler na watoto wake wakarudishwa utumwani. Wakili alikuwa Thaddeus Stevens.

Kijitabu kilipotoka, nilimpelekea nakala mzee mmoja Mwamerika Mweusi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwatembeza wageni katika sehemu za kihistoria za mji huu. Hajui Kiswahili, lakini alinishukuru, akakipekua taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho akitazama majina na tarehe, kisha akaniuliza ukurasa wa Charity Butler ni upi. Nikamwambia haupo. Hakunigombeza. Alikigeuza kijitabu, akatazama picha ya jalada, akanirudishia, akasema angependa kupata nakala nyingine ukurasa huo utakapokuwepo. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, dakika 40, basi likinipita.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wanafunzi wangu kisa chote bila kusoma popote, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichokificha. Kwa watu wa darasa lile habari ya miezi iliyokatika si habari ya kale. Anayeomba uraia wa Marekani kwa njia ya kawaida anatakiwa awe ameishi nchini miaka 5 mfululizo akiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, na akitoka nje kwa zaidi ya miezi 6 kwa mkupuo mmoja, inachukuliwa kwamba mfululizo huo umekatika mpaka athibitishe vinginevyo. Yule mama wa Fizi alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake Bujumbura. Alikaa miezi 7 na siku kadhaa, akazika, akarudi, na hesabu yake ikaanza upya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Kwa hiyo yule mwanamke alishindwa kwa hesabu ya siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyezihesabu ndiye huyu uliyetuandikia?"

Siku ile ile nilianza kuzikusanya nakala. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kumpa anayeanza kazi kama hii, ningemwambia atafute kwanza kesi au kura ambayo mtu wake angependa isahaulike, aiandike hiyo kabla ya utoto, kabla ya mama maskini na mguu uliopinda, ili sura nyingine zote ziandikwe zikiitazama.

Kwa wakili wa karne ya 19 jambo hili ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Hukumu za mahakama za juu za majimbo ya Marekani zilichapishwa, zimewekwa kwenye intaneti, na nyingi zinasomwa bure. Mimi nilikuwa nimetumia dola 115 kununua vitabu vya mitumba vilivyosimulia kesi hiyo kwa mukhtasari, ilhali hukumu yenyewe ningeweza kuisoma jioni moja. Kiingereza chake ni kigumu, sentensi moja inaweza kumaliza nusu ukurasa, lakini ugumu huo ni wa siku mbili tatu. Mtu akishazoea kwamba hakimu huanza na mambo yaliyothibitishwa, kisha hoja za pande mbili, kisha uamuzi, hupata njia.

Katika kuandika upya nilifanya kosa la pili, ambalo lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Nilimbunia majuto. Niliandika aya nzuri sana ambamo Stevens anatembea usiku katika barabara za Gettysburg, halali, anamwona Charity usoni. Rafiki yangu aliyekuwa akinihariri, Mtanzania wa Tanga aishiye Philadelphia, alinipigia simu akaniuliza hayo nimeyapata wapi. Sikuwa na jibu. Yaliyopo ni matendo: katika sherehe za tarehe 4 Julai 1823, miaka miwili tu baada ya kesi ile, Stevens alinyanyua glasi na kuitakia nchi rais ambaye hajawahi kumfunga binadamu minyororo, miaka iliyofuata alianza kuwatetea watu waliokuwa wakidaiwa kuwa watumwa watoro, na katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya Pennsylvania wa 1837 hadi 1838 alikataa kutia saini yake kwa sababu katiba hiyo iliwanyang'anya wanaume Weusi kura. Niliyapanga matendo hayo kwa tarehe, nikaifuta ile aya ya usiku. Bado naikumbuka, na bado naona ilikuwa nzuri.

Rafiki huyo wa Tanga ndiye pia aliyeniokoa katika suala la maneno, ambalo nilikuwa nimelidharau kwa kuwa Kiswahili nimekisema tangu utotoni. Baada ya kuhamia Lancaster mwaka 1842, akiwa na deni kubwa lililotokana na kiwanda chake cha chuma cha Caledonia, Stevens alimwajiri mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na Kizungu, Lydia Hamilton Smith, ambaye alisimamia nyumba yake kwa zaidi ya miaka 20, hadi siku ya kufa kwake. Katika toleo la kwanza nilimwita mjakazi. Kwetu Uvira, na katika magazeti pia, neno hilo limelegea na kuwa na maana ya mfanyakazi wa nyumbani. Rafiki yangu alinikumbusha kwamba pwani mjakazi ni mtumwa wa kike, na kwamba wapo watu wenye bibi zao walioitwa hivyo kweli kweli. Kumwita hivyo mwanamke aliyezaliwa huru, aliyekuwa na mali yake, aliyenunua nyumba na kufanya biashara, ilikuwa ni kumrudisha alikokuwa Charity kwa kalamu. Katika toleo la pili yeye ni msimamizi wa nyumba, na ninamtaja kama Bibi Smith, maana Stevens mwenyewe alimwita kwa heshima na alitaka wageni wake wafanye vivyo hivyo. Uvumi kwamba walikuwa mume na mke ulienezwa hasa na maadui zake wa kisiasa. Nimeutaja katika sentensi moja na kusonga mbele, ingawa maswali mengi ninayoulizwa baada ya kila mazungumzo huwa ni hayo hayo.

Kwa watu walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nilitumia neno mahuru, ambalo lilitumika pwani yetu katika karne ile ile, na wazee wawili walinishukuru kwa hilo. Palikuwa na maneno mengine yaliyonitoa jasho. Niliandika Baraza la Wawakilishi kila mahali hadi msomaji mmoja wa Unguja akaniuliza kwa utani tangu lini Stevens alikuwa akihudhuria vikao Chukwani, lilipo Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Sasa naandika Baraza la Wawakilishi la Marekani mara ya kwanza, kisha Bunge. Chama cha Republican nililazimika kukieleza kwa aya nzima, kwa sababu msomaji wa leo ana picha yake ya chama hicho, nacho kilipoanzishwa katika miaka ya 1850 kilikuwa chama kilichosimama dhidi ya kuenea kwa utumwa. Na kuhusu siasa zake za mwanzo, ambapo alikuwa mwanachama wa chama kilichoanzishwa kuwapinga Frimasoni, naonya kabisa: mtu asilitaje neno hilo mbele ya hadhira ya Waswahili bila kujiandaa. Nililitaja mara moja katika dakika ya 10 ya mazungumzo yaliyopangwa kuwa ya dakika 60, na zile 50 zilizobaki zilikwenda kwenye pete, nyoka na matajiri wa Dar es Salaam.

Miaka ya Bunge la taifa, kuanzia 1849 hadi 1853 na kisha 1859 hadi kifo chake, ndiyo iliyojaa hati nyingi, na ndiyo iliyonimaliza nguvu. Nitataja mambo machache. Mwaka 1851 Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Castner Hanway, Mzungu aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya watu Weusi wa Christiana, si mbali na hapa, kumpinga kwa silaha mmiliki kutoka Maryland aliyekuja kuwakamata watoro. Mmiliki huyo aliuawa, zaidi ya watu 30 walishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama lilichukua kama robo saa tu kumwachia Hanway. Wakati wa vita, akiwa mwenyekiti wa kamati ya mapato ya Bunge, alisimamia njia za kupata fedha za kuliendesha jeshi, zikiwemo noti za karatasi za mwaka 1862. Mwezi wa Juni 1863 jeshi la majimbo ya Kusini yaliyoasi lilipoingia Pennsylvania, kikosi cha Jenerali Jubal Early kilikichoma kiwanda chake cha Caledonia. Tarehe 31 Januari 1865 Bunge lilipitisha Rekebisho la 13 la Katiba ya Marekani, la kuufuta utumwa, kwa kura 119 dhidi ya 56.

Kisha likaja Rekebisho la 14, ambalo ndilo lililonifanya nisiiache kazi hii hata pale mke wangu aliponiambia, "Baba watoto, mtu huyu alikufa zamani, wewe ndiye utakayekufa sasa." Alikuwa na haki ya kusema. Nilikuwa nimelala mara mbili kazini, mara ya pili nikiwa nimesimama, na msimamizi alikuwa amenipa onyo la maandishi. Lakini mtoto wetu wa nne amezaliwa Lancaster, na cheti chake cha kuzaliwa kinamfanya raia kwa maneno ya rekebisho hilo: watu wote waliozaliwa au kupewa uraia Marekani, na walio chini ya mamlaka ya sheria zake, ni raia. Nilitaka kuandika kwamba Stevens alishangilia siku lilipopita.

Hakushangilia. Hotuba yake ya tarehe 13 Juni 1866 ni ya mtu aliyeshindwa nusu. Alikuwa ameota katiba isiyobagua mtu yeyote, nayo hati iliyokuwa mezani ilikuwa na viraka. Haikuwapa wanaume Weusi kura moja kwa moja, ila iliyapunguzia majimbo uwakilishi yakiwanyima. Akawaambia wenzake kwamba anaikubali hati yenye kasoro kiasi hicho kwa sababu anaishi miongoni mwa watu, si miongoni mwa malaika. Kura zilikuwa 120 dhidi ya 32.

Sentensi hiyo ya malaika nilikuwa nayo tangu toleo la kwanza, lakini niliiweka mwaka 1868, kitandani, kama maneno ya kufa, kwa kuwa ndivyo nilivyoikuta katika ukurasa mmoja wa intaneti. Pamoja nayo nilikuwa nimenakili kauli nyingine mbili tamu sana. Nilipokaa na kurasa za Congressional Globe, gazeti rasmi lililochapisha mijadala ya Bunge la Marekani wakati huo, ambalo Maktaba ya Bunge imeliweka bure kwenye intaneti, niliipata hii moja na kuiweka mahali pake. Zile mbili sikuzipata popote, nikazitoa. Kutafuta tarehe moja katika Globe kunaweza kuchukua saa tatu, maandishi yake ni madogo na yamebanwa katika safu tatu, na macho huuma. Barua zake pia zimechaguliwa na kuchapishwa katika majuzuu mawili, na mtu ayasome hayo badala ya kuzitafuta barua zenyewe kama nilivyofanya mimi. Mwandiko wa Stevens ulikuwa mbaya mno. Nilimaliza mchana mzima na dola 36 za nauli na nakala mbele ya karatasi moja, nikatoka na maneno 11.

Kosa jingine lilihusu Rais Andrew Johnson. Niliandika kwamba mwaka 1868 Stevens alimng'oa madarakani. Magazeti yetu hutumia neno hilo kwa wepesi, lakini utaratibu wa Marekani una hatua mbili, na ni lazima zitenganishwe. Bunge hushtaki, Seneti husikiliza na kuhukumu. Tarehe 24 Februari Bunge lilimshtaki Johnson kwa kura 126 dhidi ya 47, na Stevens, ambaye afya yake ilikuwa imeharibika kiasi cha kubebwa kwa kiti hadi ukumbini, alikwenda na mwenzake mmoja kuitangazia Seneti. Mwezi wa Mei Seneti ilipiga kura 35 za kumtia hatiani na 19 za kumwachia. Ilipungua kura moja tu kufikia theluthi mbili, na Johnson akabaki. Kwa hiyo niliyemwita mshindi alikuwa amebebwa kurudi nyumbani akiwa ameshindwa.

Nilipolirekebisha hilo niligundua kwamba kushindwa kumejaa katika maisha yake hata mwisho. Mwezi wa Septemba 1865, hapa hapa Lancaster, alitoa hotuba akitaka mashamba ya matajiri wakubwa walioasi yatwaliwe, kila mwanaume aliyetoka utumwani apewe ekari 40, na zinazobaki ziuzwe kulipia deni la vita. Wenzake wengi katika chama chake hawakuwa tayari kugusa ardhi ya mtu, na mpango ukafa. Sura hiyo ndiyo iliyozua mjadala mkali kuliko zote darasani, kwa kuwa sisi tuliotoka Kivu tunajua kwamba uhuru usiokuwa na shamba humfanya mtu arudi kubisha mlango ule ule. Sikuifupisha. Ina kurasa 9, na mhariri wangu bado analalamika.

Toleo la pili lina kurasa 112. Nilichapisha nakala 200 kwa dola 1,340, nikauza kila moja dola 6, na mpaka sasa sijarudisha fedha zangu. Mchapishaji wa kwanza, ambaye simtaji, alikataa kupunguza hata senti ingawa kurasa nne zilitoka kichwa chini. Sikuwa na mkataba wa maandishi, tulikuwa tumeelewana kwa simu. Anayekwenda kuchapisha na adai nakala moja ya majaribio aishike mkononi kabla ya kulipa malipo ya mwisho, hata kama mwenye mashine ni jamaa yake. Naye mhariri alipwe. Wangu hakutaka, nikampelekea gunia la unga wa muhogo kila Krismasi.

Stevens alifariki Washington usiku wa manane, tarehe 11 Agosti 1868, mwezi mmoja baada ya Rekebisho la 14 kupata idadi ya majimbo iliyohitajika, Bibi Smith akiwa kando ya kitanda. Mwili wake ulilazwa katika ukumbi mkuu wa jengo la Bunge ukilindwa na askari Weusi, kisha ukaletwa Lancaster kwa mazishi. Maneno ya jiwe la kaburi aliyaandika mwenyewe, na kuyatafsiri kulinichukua muda mrefu kuliko sura yoyote. Nilivyoyaacha ni hivi: "Napumzika mahali hapa pa utulivu, palipojitenga, si kwa kuwa kwa asili napenda upweke, bali, nilipoona kwamba makaburi mengine yamewekewa na hati zake mipaka ya rangi, nimechagua hapa, ili katika kifo changu nidhihirishe misingi niliyoitetea katika maisha marefu: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake." Mzee mmoja wa darasani alisisitiza niandike mipaka ya kabila, akisema rangi sisi tumeijua ukubwani ila kabila tumezaliwa nalo. Tulibishana Jumamosi mbili. Nilibaki na rangi, kwa sababu ndilo lililokuwa neno la makaburi yale, lakini nikimsomea mtu wa kwetu kwa sauti, nayataja yote mawili.

Mwezi wa Novemba uliopita yule mama wa Fizi alikula kiapo cha uraia, baada ya kuhesabu miaka yake 5 mara ya pili bila kuvuka hata mpaka wa Kanada. Alitaka twende makaburini siku ile ile, akiwa bado na bendera ndogo mkononi. Makaburi ya Shreiner yapo kwenye kona ya mtaa wa Chestnut na mtaa wa Mulberry, yamezungukwa na nyumba, madogo kiasi kwamba mtu anaweza kuyapita akidhani ni bustani. Palikuwa na baridi na majani yamelowa. Nilimsomea jiwe kwa Kiswahili, akanirudisha mwanzo, nikasoma tena. Akauliza kama Bibi Smith naye yupo pale. Nikamwambia hapana, alifariki mwaka 1884 na kuzikwa kwenye makaburi ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, upande mwingine wa mji.

"Na Charity?"

Nikatikisa kichwa.

Alisimama kidogo akilitazama jiwe, akaipachika ile bendera kwenye mkoba wake badala ya kuiacha kaburini kama nilivyodhani angefanya. "Basi twende kwa Bibi Smith," akasema, "kabla giza halijaingia." Tukarudi garini.